Barua ya wazi kwa walimu wa chekechea wa Dar es Salaam

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu, na sitaki kuuficha. Jumamosi moja ya mwezi Novemba nilialikwa kwenye mahafali ya chekechea moja hapa Temeke, nikakaa safu ya mbele pamoja na wazee wenzangu wa mtaa. Kadi ilisema shughuli ingeanza saa tatu asubuhi, lakini mgeni rasmi alifika saa saba kasoro robo. Muda wote huo watoto zaidi ya 40, wa miaka minne na mitano, walikuwa wamepangwa kwenye viti vya plastiki wakiwa wamevalishwa majoho meusi ya kitambaa kizito, katika joto ambalo ninyi wenyewe mnalijua, na turubai lilikuwa limefungwa juu ya wageni, si juu yao. Mtoto mmoja wa kiume katika safu ya pili alinyoosha mkono mara tatu, nami nilihesabu. Baada ya hapo hakunyoosha tena. Alilikusanya pindo la joho lake kwa mikono yote miwili, akalinyanyua kidogo ili lisilowe, akainama kutazama maji yaliyokuwa yakitambaa kutoka chini ya kiti chake kuelekea kwenye zulia jekundu. Mwalimu wake alipomwona alimvuta kwa mkono mbele ya umati, akamwambia kwa sauti ya kusikika kwamba amewaaibisha wote, na walipofika nyuma ya jengo akamfinya. Baadaye alirudishwa jukwaani na joho lile lile kusema shairi la Kiingereza, ambalo nilipomwomba anieleze kwa Kiswahili linahusu nini, hakuwa na jibu.

Mwalimu huyo simchukii. Nilikuwa nimemwona wiki chache kabla ya hapo katika msiba wa mwalimu mwenzangu, aliyefundisha chekechea katika mitaa yetu kwa zaidi ya miaka 40, akilia kwa kwikwi na kusema kwamba anatamani kuwa kama marehemu. Ninaamini alisema kweli, na wengi wenu mlisema hivyo hivyo siku ile. Ila nilipowasikiliza niliona kwamba mnamjua marehemu kwa sifa tu: mpole, mvumilivu, mtu wa kujitolea. Kazi yenyewe aliyokuwa akiifanya kuanzia saa moja asubuhi hakuna aliyeieleza. Kwa hiyo acheni niieleze mimi, niliyefundisha naye ukuta kwa ukuta.

Alianza mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati taifa zima lilipokuwa likihimizana kwamba kila mtoto lazima aingie darasa la kwanza, huku wadogo zao wakibaki uani na bibi au na dada wa miaka tisa. Darasa lake la kwanza lilikuwa ukumbi wa ofisi ya tawi la chama, wenye mikeka mitatu na ubao uliopasuka katikati, na malipo yake yalikuwa michango ya wazazi, ambayo mwezi mwingine ilifika na mwezi mwingine haikufika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ndiyo iliyoiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na ile ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Sera hizo zilipoandikwa, yeye alikuwa ameshawakalisha mkekani watoto wa watu ambao leo ni wajumbe wa nyumba kumi.

Sasa nisikilizeni kuhusu mikono. Kila asubuhi marehemu alisimama mlangoni, na hapakuwa na mtoto aliyepita bila kumpa mikono yote miwili. Aliichukua, akaigeuza viganja juu, akavitazama na kuvishika kwa muda kama wa kuvuta pumzi mbili, huku akimsalimu mtoto kwa jina lake na kumwuliza ameamkaje. Wageni walidhani anakagua kucha. Kucha alizikagua, lakini kiganja cha moto kilimwambia kwamba mtoto huyu ana homa na apelekwe zahanati kupimwa malaria kabla hajaanza kutapika darasani. Vidole vilivyochunika na kunuka sabuni vilimwambia kwamba mtoto ameamshwa usiku kuosha vyombo vya biashara. Mkono uliorudishwa nyuma kwa haraka ulimwambia kwamba jana nyumbani palikuwa na fimbo. Alikuwa na watoto 30 hadi 50 kutegemea mwaka, na zoezi hilo halikumchukua hata nusu saa, nalo lilimpa habari ambazo hakuna daftari la mahudhurio linaloweza kuzibeba.

Ni kwa njia hiyo alivyomgundua mtoto mmoja ambaye sote tulikuwa tumekwisha kumwita mzito. Kila alipopewa chaki aliandika kwa mkono wa kulia, mstari ukamponyoka, akaufuta kwa kiwiko na kulia. Mimi mwenyewe nilishauri arudishwe nyumbani akue kwanza. Marehemu hakujibu. Alimtazama wiki nzima akicheza mdako, akaona kwamba kokoto anairusha na kuidaka kwa mkono wa kushoto, na haikosi. Jioni ile alifunga mtandio wake akaenda hadi kwa bibi wa mtoto huyo, Keko, akaketi mkekani, akanywa chai, akasikiliza habari za mguu wa bibi hadi zikaisha, ndipo akauliza. Bibi akasema kwamba ndiyo, amekuwa akimfunga mtoto mkono wa kushoto kwa kipande cha khanga, kwa sababu mtoto mwenye adabu hali kwa kushoto. Marehemu hakumwambia bibi yule kwamba amekosea. Alimwambia kwamba adabu ya chakula ni haki yake kuifundisha na ibaki pale pale, kwamba mtoto ale kwa mkono wa kulia na apokee kwa mkono wa kulia, na akaomba jambo moja tu, kwamba chaki aachiwe ishikwe na mkono alioumbiwa. Walikubaliana kabla ya magharibi. Mtoto yule leo ni fundi umeme, na siku ya mazishi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Rudieni kusoma kisa hicho mkitafuta ni wapi kazi ya ualimu iliishia na kujitolea kukaanza. Hamtapaona. Mtu akisema marehemu alikuwa mwalimu na pia mtu wa kujitolea, anakata kipande kimoja cha kitambaa kuwa viwili. Alikwenda Keko kwa sababu jibu la swali lililomkabili darasani lilikuwa Keko. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipowatoa watu bonde la Msimbazi na familia zikalazwa katika madarasa ya shule, alichukua mikeka yake akaenda huko kila asubuhi kuwakusanya wadogo, akawasimulia hadithi na kuwategea vitendawili ili mama zao wapate kufua, kufuatilia majina yao kwenye orodha za misaada na kulia peke yao. Na mwaka 2022, kampeni ya chanjo ya polio ya nyumba kwa nyumba ilipopita mitaani, wahudumu wa afya walimwomba awasindikize kwenye nyumba zilizokuwa zimefunga milango. Alibisha hodi, na milango ikafunguliwa, kwa kuwa katika nyingi ya nyumba hizo mama mwenye mtoto mchanga alikuwa mwanafunzi wake, na sauti ile aliijua tangu alipokuwa na miaka minne.

Ninyi, wanangu, mnashika penseli ya mtoto kabla hamjaushika mkono wake. Nimeona madaftari ya watoto wa miaka mitatu yenye kurasa nzima za namba 2, zikiwa na alama nyekundu za kukosa, na chini yake kazi nyingine ya kufanyia nyumbani. Mifupa ya kifundo cha mkono wa mtoto wa umri huo bado haijakomaa, mingine ingali gegedu laini, na mkono huo unataka kukanda udongo, kumenya karanga, kuchambua mchele, kusuka ukili na kupanga vizibo vya soda kabla haujadaiwa herufi. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo jijini Roma mwaka 1907, alianza kwa kuwatazama watoto na kuwapa vitu vya kushika. Marehemu alijifunza hayo kwa masista katika kozi fupi, akarudi akicheka kwamba bibi yake kule Kilwa aliyafanya yote kwa ungo na kunde. Msiniambie kwamba wazazi ndio wanaotaka madaftari yajae. Mzazi anataka daftari kwa sababu hakuna aliyekaa naye kumweleza kwamba karanga zile ni somo la kuandika.

Najua pia kwamba lawama hii haiwezi kuwaangukia ninyi peke yenu, na ningekuwa dhalimu kama ningeishia hapo. Kipimo cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, ilhali tangu ada ilipoondolewa Januari 2016 nimeingia katika darasa la awali nikakuta watoto zaidi ya 100 na mwalimu mmoja aliyepoteza sauti. Katika shule za binafsi nimekutana na mabinti wanaofundisha bila mkataba, wakipokea mshahara usiofikia nauli na chakula. Marehemu mwenyewe, katika shule ya mwisho aliyofundisha, alikatwa mchango wa hifadhi ya jamii kwa miaka, na alipokwenda kudai mafao akaambiwa kwamba fedha hizo hazikuwahi kuwasilishwa. Mwenye shule hiyo alikuja msibani na shada kubwa la maua, akasema kwenye kipaza sauti kwamba marehemu hakuwa mtu wa kutafuta pesa. Nilinyamaza kwa heshima ya maiti. Leo nasema kwamba neno kujitolea lisitumike kufunika haki ya mtu iliyoliwa, na ninyi mnaoanza kazi daini mkataba wa maandishi, na kila mwaka ulizeni kama michango yenu imefika.

Na sisi wazazi na wazee wa jiji hili tujiulize ni nani aliyeamua kwamba mtoto wa miaka minne apandishwe gari la shule saa kumi na moja alfajiri, alale kwenye kiti kutoka Mbagala hadi upande wa pili wa mji, na arudi jioni kupitia foleni ile ile, wakati kuna chekechea dakika kumi kwa miguu kutoka mlangoni kwake. Mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na ilifanya vema. Lakini mtoto anayetoka nyumbani usiku na kurudi usiku tofauti yake na yule wa bweni ni ndogo.

Mengine nitayasema kwa kifupi, maana mnayajua. Mtoto aruhusiwe kwenda chooni bila kuomba mara mbili. Kiswahili chake kisidhihakiwe. Uji uonjwe na mwalimu kabla ya kugawiwa. Asiondoke na mtu usiyemjua, hata akija na jina sahihi. Asiadhibiwe kwa ada ambayo baba yake hajalipa. Kanuni za nchi hazimpi kila mwalimu ruhusa ya kushika fimbo, na kumfinya mtoto hazikumruhusu yeyote.

Nabaki na wewe, binti yangu, mwalimu wa yule mtoto wa safu ya pili. Uliaibika mbele ya wazazi na mbele ya mwajiri wako, ukaihamishia aibu yako kwa mtu mdogo kuliko wote uwanjani. Mimi pia nimewahi kumkosea mtoto, yule wa Keko, na aliyenirekebisha hakunisema mbele ya watu. Alinichukua tukaenda pamoja kwa bibi yule mara ya pili. Sanduku la marehemu liko barazani kwangu. Lina vizibo vya soda vilivyooshwa na kufungwa kumi kumi, mbegu za ukwaju, simbi za Kigamboni, na kipande cha khanga ambacho bibi alimkabidhi siku ile. Nataka ulichukue wewe. Njoo Jumamosi yoyote kabla shule hazijafunguliwa Januari, unywe chai, halafu twende nyumbani kwa mtoto yule ukamsalimu na kumwomba radhi mbele ya mama yake. Kama unaona aibu kuingia peke yako, nitatangulia mimi kupiga hodi.

Mama yenu,
mwalimu mstaafu, Temeke