Barua kwa mwanangu: usiache sindano ile

Mwanangu mpendwa,

Nimeshukuru kusikia kwamba upasuaji wa nyonga ulikwenda salama na kwamba umeruhusiwa kutoka hospitalini. Lakini umeniandikia pia kwamba kidonda kimekauka, kwa hiyo huoni sababu ya kuendelea kujichoma sindano tumboni. Miaka niliyohudumu katika wodi ya mifupa hainiruhusu kulinyamazia jambo hilo.

Sindano ile si ya kidonda, ni ya kuzuia damu isigande. Mfupa ukivunjika na kuungwa kwa vyuma, damu huwa rahisi kuganda, mishipa iliyo jirani huwa imeumia, na mguu uliolazwa hukosa mwendo wa misuli wa kuisukuma damu irudi juu. Hapo bonge la damu huweza kujijenga kimyakimya ndani ya kigimbi au paja, na likichomoka likafika kwenye mapafu, huweza kuua. Hatari hiyo hukufuata hadi nyumbani, na ndiyo maana baada ya upasuaji wa nyonga dawa huweza kuendelezwa hadi siku 35.

Unasema mwenzako wa kitanda cha pili alipewa aspirini badala ya sindano. Hakudanganywa: utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 12,000 waliovunjika mifupa, ulionyesha kwamba kwa upande wa vifo aspirini haikuwa duni kuliko heparini, dawa ya sindano kama yako, ingawa mabonge ya miguuni yalizidi kidogo kwa waliopewa aspirini. Kama vidonge vitakufaa, daktari wako ndiye wa kubadilisha, wewe usibadilishe.

Unapojichoma, finya ngozi ya tumbo mbali na kitovu, ingiza sindano yote wima, na usiiachie ngozi mpaka dawa iishe. Kiputo cha hewa kilichomo usikitoe. Ukimaliza usisugue, maana utavilia damu, na kesho uhamie upande wa pili. Dawa za maumivu kama ibuprofeni usizimeze bila kumwuliza daktari, kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa na damu. Simama na magongo kadiri ulivyoruhusiwa, na ukiwa kitandani chezesha vifundo vya miguu mara kwa mara.

Kigimbi kikivimba, kikiuma au kupata joto, usikubali mtu yeyote akukande, hata kwa nia njema. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukibanwa na pumzi ghafla, ukichomwa kifuani au ukikohoa damu, nenda saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mama yako