Mwambie fundi asivue hedi kwanza

Kihesa, Iringa
Jumapili jioni

Kwako Baba Neema,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Neema na watoto. Shuleni tulifundishwa kuandika "mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako". Safari hii maneno hayo ni ya kweli. Tangu uliponiambia kwamba fundi wako hapo Morogoro anataka kuvua silinda hedi, kile kichwa cha injini, ya Land Rover yako kwa sababu inakunywa maji, sijatulia. Ningekupigia, lakini simu zangu huwa unapokea ukiwa dukani, unaitikia "ndiyo, ndiyo" huku unahesabu chenji. Bora niandike. Isome yote kabla hujampa mtu spana.

Unakumbuka la kwangu lilivyonisumbua kuanzia Februari. Ni Land Rover 109, ile ndefu, ya mwaka 1978, Series III, petroli, injini ya cc 2,286. Na lako lina injini hiyo hiyo, kwa hiyo mlango uliotorokea maji kwangu na kwako upo. Nilikuwa nikitoka hapa kwenda Mafinga na kurudi, naongeza kama chupa ya nusu lita. Chini ya gari pakavu. Moshi wa kawaida. Geji ya joto imetulia, isipokuwa pale ninapopandisha kutoka Ipogolo kuingia mjini, sindano inasogea kidogo halafu inarudi. Mafundi watatu, majibu matatu yaliyofanana: gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na mwili wa injini, imeungua. Mmoja hakufungua hata boneti. Alisikia neno "maji" akaanza kutaja bei.

Gasketi ikiungua, Baba Neema, inaacha alama. Nilizitafuta moja moja. Kijiti cha oili nilikichomoa asubuhi injini ikiwa baridi: oili nyeusi, safi, hakuna ile rangi ya chai ya maziwa. Nikafungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi (baridi kabisa, bado nina kovu mkononi la mwaka ule wa mlima Kitonga, unalijua), nikawasha, nikaangalia mdomoni mwa rejeta. Maji yalizunguka bila mapovu. Plagi zote nne nikazitoa, zote rangi moja ya kahawia. Ingekuwepo silinda inayoingiza maji, plagi yake ingetoka imeoshwa, nyeupe kuliko wenzake. Na kipimo ninachokiamini kuliko vyote: mpira wa juu wa rejeta, ukiuminya alfajiri baada ya gari kulala, uwe laini. Ukiukuta mgumu wakati injini ni baridi, basi gesi ya silinda inapenya kwenye maji, na hapo kweli hedi ivuliwe. Wangu ulikuwa laini kama sikio.

Fanya hayo manne kesho asubuhi, hayakugharimu hata shilingi. Yakiwa mazuri, mshukuru fundi wako, mwambie utamwita.

Halafu mimi nikajidanganya. Pale mbele ya injini, kati ya nyumba ya thermostati (ile inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) na wata pampu, kuna kampira kafupi sana, hakazidi urefu wa kidole, kamebanwa na klipu mbili. Hako ndiko kanapitisha maji kuzunguka injini wakati thermostati bado imefunga. Watu hubadilisha mipira mikubwa ya rejeta, juu na chini, haka wanakasahau kwa sababu kamejificha na klipu zake zinageukia pabaya. Changu kilikuwa kimepasuka nyufa kama kisigino cha mkulima, na pembeni pana ukoko wa kijani. Nikashangilia. Nikakibadilisha, nikakwaruza viganja vyote viwili, nikamtangazia kila mtu kwamba kazi imekwisha. Wiki iliyofuata nikaenda Mafinga. Nusu lita.

Kampira kalikuwa kanavuja kweli, usidhani nilikosea. Ila gari la umri huu linaweza kuvuja sehemu mbili, na ile uliyoipata kwanza inakufanya uache kutafuta.

Hapo nikaanza kuweka boksi. Lile boksi la friji nililikata nikalilaza chini ya injini kila usiku, nikaandika kwa kalamu "mbele" na "nyuma" ili nisichanganye. Siku ya tatu nikaona doa moja, chini ya nyumba ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Unajua pale chini kuna kitundu, kile ambacho unakiziba kwa skrubu ukienda kuvuka mto na kukifungua ukishavuka. Oili kudondoka hapo ni jambo la kawaida kwa mabibi hawa, Land Rover zetu za zamani, sikuwahi kujali. Lakini hili doa lilikuwa na tabia mbili. Katikati palikuwa na oili, peusi, pamelowa. Kuzunguka palikuwa na pete iliyokauka, yenye ukingo wa kijani hafifu. Oili haikauki ikaacha pete. Nikapaka kidole na kunusa: ule utamu wa kulanti, dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta. Kunusa tu, usionje, na usiache beseni la kulanti mahali mbwa au mtoto anaweza kufika. Ni tamu na ni sumu.

Usiku ule sikulala vizuri, nakwambia. Maana nyuma ya bloku, yaani mwili wa injini, ndani kabisa, nyuma ya flaiwili, kuna kizibo. Unavijua vile vizibo vya bati, mviringo kama vifuniko vya kopo, vilivyopigiliwa kwenye ubavu wa injini? Injini inaposubiwa, vyumba vya maji ndani yake vinaumbwa kwa mchanga, na yale matundu ndiyo pa kuutolea mchanga baadaye. Kisha kiwandani wanaziba kwa bati. Bati likikaa miaka arobaini na maji ya bomba matupu, linaliwa na kutu kutoka ndani. Nje unaliona zima, limepakwa rangi, kumbe limebaki wembamba wa karatasi. Sasa kama kilichooza ni kile cha nyuma ya flaiwili, giaboksi lazima litoke, na giaboksi la 109 pamoja na transfa yake si mzigo wa mimi na kijana wangu.

Kilichoniokoa ni kukumbuka kwamba kuna kizibo kingine huko nyuma, cha hedi yenyewe, kinachotazama ukuta wa kabini. Kikivuja hicho, maji yanateremka mgongoni mwa injini, yanapita juu ya nyumba ya flaiwili kwa nje, yanazunguka, yanakuja kudondokea pale pale chini karibu na kitundu. Doa ni moja, kazi mbili tofauti kabisa. Hita ya gari langu waliiondoa zamani kabla sijalinunua, kwa hiyo sikuwa na mipira ya hita ya kushuku. Kama yako bado ipo, anza na mipira hiyo.

Nikamwendea mchomeaji rejeta pale Mlandege. Nilimpa mfuniko wangu wa zamani, akautoboa katikati, akauchomelea kwa risasi vali ya tyubu ya gari. Ukiufunga mdomoni mwa rejeta, unaunganisha pampu ya baiskeli yenye geji na kujaza upepo injini ikiwa baridi. Mfuniko wangu umeandikwa 9, yaani presha ya pauni 9 kwa inchi ya mraba, na sikuzidisha hapo. Ukizidisha unatafuta kupasua rejeta nzima. Fundi wengi huudharau mfuniko. Hapa kwetu, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 95. Zile pauni 9 ndizo zinasogeza mchemko mbele kwa zaidi ya nyuzi 10. Mfuniko uliolegea peke yake unatosha kukumwagia maji mlimani, nawe ukalaumu gasketi.

Sasa sikiliza hili. Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Juni unaijua. Nilikuwa nimeosha mgongo wa hedi kwa mafuta ya taa na brashi jana yake, nikaupangusa mpaka pakavu. Nikachukua poda ya mtoto ya nyumbani, nikaipuliza kwa mrija huko nyuma ambako mkono haufiki, mpaka chuma kikawa cheupe kama kimepakwa chokaa. Kijana akapampu, pauni 5, 7, 9. Mimi nikachomeka simu kati ya hedi na ukuta wa kabini, taa imewaka, inarekodi, maana jicho halioni huko hata kwa kioo. Tukasubiri. Sindano ya geji ikaanza kushuka pole pole. Nikatoa simu, tukatazama wote wawili tumeinamisha vichwa.

Dakika ya kwanza hakuna kitu, ni weupe tu. Halafu chini ya ukingo wa kizibo cha hedi poda ikageuka kijivu, nukta moja, ndogo kama kichwa cha pini. Nukta ikanenepa, ikasita, ikachora mstari kwenda chini. Kijana akasema, "Baba, analia." Nami karibu nilie kwa furaha, maana giaboksi lilibaki mahali pake.

Ndipo nikaelewa kwa nini chini hapakuwahi kulowa. Injini ikiwa moto, tone likitoka linakauka juu ya chuma kabla halijafika mbali. Linaloonekana ni lile la dakika chache baada ya kuzima, au la alfajiri. Kwa hiyo wewe mwenyewe ukitafuta, tafuta asubuhi.

Kukitoa kizibo si kazi ngumu, nafasi ndiyo ngumu. Tulimwaga maji yote kwanza, kwenye rejeta na kwenye koki ya bloku, beseni mbili, kama lita 10 kwa jumla, na ya mwisho yalitoka mekundu kama udongo wa Njombe. Nikakigonga kizibo upande mmoja kwa patasi fupi, taratibu, mpaka kikageuka kama sarafu tunduni, nikakivuta kwa plaizi. Kwa ndani kilikuwa kimekwisha. Kidole gumba kilitosha kukitoboa. Nikapima tundu kwa venia, mpwa wangu akanitafutia Gerezani, Kariakoo, kizibo cha shaba cha kipimo hicho. Chukua cha shaba, hakishiki kutu. Na mpelekee muuzaji kile cha zamani mkononi, usimwambie namba kwa mdomo.

Nyundo haina pa kupungia kule. Nilichofanya ni hivi: nikasafisha tundu kwa msasa laini mpaka likang'aa, nikapaka gundi ya gasketi kidogo ukingoni, nikakikalisha kizibo kikiwa kimenyooka. Nyuma yake nikaweka soketi kubwa inayoingia ndani ya bakuli lake, halafu bolti ndefu yenye nati, na nyuma ya bolti kipande cha ubao wa mninga kilichoegemea ukuta wa kabini ili bati lisibonyee. Kila nikizungusha nati, bolti inarefuka, kizibo kinaingia. Robo mzunguko, unaangalia kwa simu kama kimepinda, robo nyingine. Ilichukua saa nzima na matusi kadhaa ambayo kijana amejifanya hakuyasikia.

Kulanti nikachanganya nusu kwa nusu na maji safi. Huku kwetu maji hayagandi kwenye injini, watu wanaona kulanti ni anasa, kumbe tunainunua kwa ajili ya dawa ya kutu iliyomo. Nikawasha bila mfuniko mpaka thermostati ikafunguka na maji yakashuka, nikaongeza, nikauminyaminya mpira wa juu kutoa upepo. Kesho yake pampu tena: pauni 9, nikaenda kunywa chai, nikarudi, sindano palepale.

Tangu hapo nimekwenda Mafinga mara nne na Makambako mara moja. Sijaongeza hata kifuniko cha soda. Boksi bado nalilaza kila usiku, limebaki na madoa ya oili tu, na hayo tumekubaliana nayo mimi na bibi.

Mfuniko wangu wenye vali nautuma kesho kwa basi, kwa kondakta yule anayekuja na mzigo wako wa maharage. Nirudishie. Kama sindano itashuka na nyuma ya hedi pakavu, angalia wata pampu kwa chini, kuna kitundu kidogo. Kikidondosha maji, pampu imekwisha, na hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Usimruhusu mtu akutilie yai au binzari kwenye rejeta akisema linaziba. Linaziba kweli, rejeta.

Na harusi ya Agosti mnakuja na hilo gari au na basi? Nijibu mapema, nipange pa kulala watu. Kama ni gari, nataka kusikia habari ya pauni 9 kabla hujaitazama Kitonga.

Wasalimie wote,

Wako,
Baba Tumaini