Kwa Nini Nywele Ndizo Huchelewesha Picha Yako, na Jinsi Tunavyozichora kwa Kipanya

Mteja anayetuletea picha ya mzazi wake ili tuichore upya kwa kompyuta huonyeshwa uso kwanza. Siku ya pili au ya tatu tunamtumia rasimu ambayo macho, pua na mdomo vimekamilika, lakini juu ya paji la uso pana kivuli cha kahawia kisicho na unywele hata mmoja, na hapo ndipo simu huanza kuingia: mbona nywele bado? Wengine hufika ofisini kwetu Magomeni, wakamkuta fundi ameshika kipanya cha kawaida, tena cha waya, ndipo wakauliza kwa upole kama kuchelewa huko hakutokani na uhaba wa vifaa. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili.

Ni kweli kwamba hatutumii kibao cha kuchorea. Tulikuwa nacho, tundu lake la waya likalegea, likatengenezwa, likalegea tena, na miezi tuliyofanya kazi bila kibao ilitufunza kwamba tunachokikosa ni kitu kimoja tu. Kalamu ya kibao hupima jinsi mkono unavyokandamiza. Vibao vingi vinavyouzwa sasa hutambua ngazi 8,192 za mgandamizo, kiasi kwamba mstari huanza mwembamba, hunenepa, kisha huishia kama ncha ya sindano bila mchoraji kulifikiria jambo hilo. Kipanya hakina habari hizo. Kwacho kitufe ama kimebonyezwa ama hakijabonyezwa, kwa hiyo mstari wake una unene uleule tangu shinani hadi nchani. Ukichora mistari mia mbili ya namna hiyo juu ya kichwa cha mtu, utakuwa umemvika waya za umeme.

Dawa yake ni kutouchora unywele kwa mkono hata kidogo. Katika GIMP, programu ya bure ambayo ndiyo tunayoitumia zaidi, ipo zana ya njia: unabofya mahali unywele unapotokea kichwani, unabofya mahali unapoishia, kisha unauvuta mstari katikati mpaka upinde unavyotaka. Njia hiyo bado haina rangi; ni kama chaki ya fundi cherehani juu ya kitambaa kabla mkasi haujapita, na unaweza kuisogeza mara kumi bila kuharibu chochote. Ukisharidhika unaiagiza programu ipake rangi juu yake, na ndani ya agizo hilo lipo chaguo la kuiga mienendo ya brashi. Likiwashwa, na brashi ikiwa imepangwa ili unene wake ufuate mgandamizo, programu yenyewe huigiza mkono unaokandamiza taratibu kisha ukalegea, na unywele unatoka ukiwa na ncha. Photoshop ina chaguo la aina hiyo pia. Krita, ambayo nayo ni ya bure, ina kitulizi kinachoufanya mstari ufuate nyuma ya kipanya kwa kuchelewa kidogo, hivyo mtetemo wa mkono haufiki kwenye picha. Anayechora kwa kidole kwenye simu anaweza kutumia ibisPaint X, yenye mpangilio wa kupunguza unene mwanzoni na mwishoni mwa mstari.

Kuna sehemu ya mgandamizo ambayo hatuiachii programu, nayo ni uzito wa rangi. Hiyo ni kazi ya mikono yote miwili. Brashi inapangwa itoe asilimia 15 au 20 tu ya rangi yake, fundi anapita mahali pamoja mara tatu au nne hadi rangi ikolee, na wakati huo vidole vya kushoto viko juu ya vitufe vya mabano ya mraba, ambavyo katika GIMP, Photoshop na Krita hupunguza na kuongeza ukubwa wa brashi. Mtu akitazama kwa mara ya kwanza hudhani fundi anaandika barua huku anachora.

Hata hivyo, muda mwingi hauendi kwenye nywele mojamoja. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na hakuna mchoraji anayezichora zote, wala jicho halihitaji hivyo. Fumba macho nusu umtazame mtu aliye dirishani: utaona mafungu machache ya giza na mwanga yanayofuata umbo la fuvu, na pengine unywele mmojammoja ukingoni tu, pale taa inapopita. Kwa hiyo tunaanza na mafungu hayo, kwa brashi pana, kwenye leya yake peke yake, yaani tabaka la picha linaloguswa bila kuharibu mengine. Hatutumii rangi nyeusi tupu; nywele nyeusi zikipigwa na jua huelekea kahawia, na zikiwa kivulini chini ya anga huelekea buluu, na ukizipaka nyeusi ya wino zinageuka shimo lililotobolewa kwenye picha. Kile kivuli cha kahawia kinachowatia wateja wasiwasi ndiyo kazi hii ikiwa katikati. Nywele mojamoja huja mwishoni kabisa, labda arobaini au hamsini, nazo ndizo zinazomfanya mtazamaji aamini kwamba zote zimo.

Tofauti kubwa ya muda hutokana na aina ya nywele. Masomo mengi ya bure yaliyomo mtandaoni yanahusu nywele za singa, ambazo mwanga huzifanyia utepe mmoja mrefu wa kung'aa kuzunguka kichwa, kwa sababu nywele zimelala sambamba na magamba yake madogo yanaurudisha mwanga upande mmoja. Nywele za kipilipili hutoka kwenye kitundu kilichopinda, unywele wenyewe ni bapa kiasi, nao hujikunja, kwa hiyo mwanga huvunjikavunjika na kuwa vimeto vidogo vilivyotawanyika. Mchoraji anayeweka utepe wa singa kwenye kichwa cha kipilipili humvika mtu kofia ya plastiki, na kosa hilo tunaliona mara nyingi mno. Sisi tumejitengenezea brashi yenye vijikunjo vinne au vitano vyenye umbo la herufi C na S, tukaipanga ijigeuze ovyo kila inapogusa, na fundi huigonga kwa kubofya tu. Ugongaji wa namna hiyo hauhitaji mgandamizo wowote, ndiyo maana ninathubutu kusema kwamba nywele za kipilipili na kipanya ni marafiki wa siku nyingi, ilhali singa ndefu ndizo zinazotukesha. Picha yenye singa za kufika mabegani tunaiombea siku mbili zaidi.

Misuko ina hesabu yake. Kijana mmoja alituletea picha ndogo ya pasipoti ya marehemu mama yake, iliyopigwa kwa mwanga mkali wa flashi, na nywele zote zilikuwa doa jeusi. Tulilainisha lile doa, tukaliwekea vimeto, tukamtumia. Alikuja mwenyewe kesho yake.

"Hii ni kofia, kaka," alisema. "Mama alikuwa amesukwa twende kilioni, na mistari yake ilikuwa inahesabika."

Tulimwuliza ilikuwa mingapi, akampigia simu mama yake mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akimsuka dada yake. Jibu lilikuwa tisa, na kwamba wa katikati ulipinda kidogo kulia kulikwepa kovu la utotoni. Kwa maelezo hayo kazi ilianza upya. Kila mstari ulipewa njia yake. Kati ya mstari na mstari tuliacha mfereji mwembamba wa ngozi, wenye rangi nyepesi kuliko nywele lakini nzito kuliko paji la uso. Msuko wenyewe ukiutazama kwa karibu unafanana na ukili: vipande vinavyopishana, kila kimoja kikiwa na mgongo unaopokea mwanga na bonde la giza pale kinapoingia chini ya mwenzake. Tulichora kipande kimoja kwa makini, tukakinakili, na tukavifupisha vipande kadiri msuko ulivyopanda kuelekea utosini, kwa sababu hapo kichwa kinapinda kwenda mbali na macho. Kisha tukaviharibu kidogo kimoja baada ya kingine, kwani vikifanana vyote picha hunuka mashine. Mwishoni tukaongeza vile vinywele vya panja ambavyo hakuna msusi anayevishika. Mama mdogo alipoiona alitutaka tuupinde ule mstari zaidi.

Tangu siku hiyo, mteja akileta picha ambayo nywele zake hazionekani, tunamwuliza maswali kabla hatujagusa kipanya: zilikuwa za dawa au za asili, zilisukwa au zilifungwa, mvi zilianzia wapi. Ikiwa ipo picha nyingine ya mtu huyohuyo, hata ya pembeni au ya mwaka mwingine, iongeze. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, maana picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na vitu vya kwanza kupotea ni vile vyembamba, yaani nywele. Picha ya karatasi usiipige chini ya taa inayoakisi; ipeleke kivulini karibu na mlango, au ilete tuiskani.

Picha itakayochapishwa kwa ukubwa wa A3 tunaichora kwa pikseli 3508 kwa 4961, na kwa ukubwa huo kila unywele unaonekana. Kabla ya kuchapisha tutakutumia kipande cha nywele peke yake kikiwa kimekuzwa. Mwonyeshe na aliyekuwa akimsuka, kama yupo, kisha utupe jibu; marekebisho ya hatua hiyo hatuyatozi, ila karatasi ikishatoka kwenye printa, kuchapisha tena ni gharama mpya.