Kinga ya figo ianzie kwenye pakiti ya chumvi

Mhariri,

Anayetaka kuanzisha mradi wa lishe wa kukinga figo mtaani Nairobi atakuta miongozo mingi imeandikiwa Wamarekani Weusi, ambao figo zao hufeli takriban mara tatu zaidi ya za Wazungu wa huko. Isinakiliwe ilivyo. Marekani, takriban asilimia 70 ya sodiamu, madini yaliyo kwenye chumvi, hutoka kwenye vyakula vya viwandani na vya mikahawani, ndiyo maana watu hufundishwa kusoma lebo. Sukuma wiki ya soko la Marikiti haina lebo. Chumvi yake inatiwa na mpishi. Hata APOL1, jeni ya kurithi inayohusishwa na ugonjwa wa figo na inayotajwa sana huko, aina zake za hatari zimejaa zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi. Hapa kwetu tuanze na presha na kisukari, vinavyoharibu figo, na sufuria, kwa kuwa chumvi hupandisha presha.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Kumwambia mama "punguza chumvi" hakumsaidii. Mwambie aandike kwenye pakiti ya nusu kilo tarehe aliyoifungua. Nyumba ya watu wazima wanne wakila gramu 5 kila mmoja, pakiti itakwisha baada ya siku 25. Lakini mkate, soseji, krispi na mchuzi miksi vina chumvi tayari, kwa hiyo jikoni tulenge gramu 3 kwa kila mtu: pakiti idumu kama siku 40. Ikiisha kwa wiki mbili, hakuna haja ya hotuba, tatizo limeshaonekana.

Ipunguzwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa ili ulimi uzoee. Anayeikata ghafla huona chakula hakina ladha, akarudia kichupa cha mezani. Dhania, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu husaidia. Ugali, kwa bahati njema, haujawahi kuhitaji chumvi.

Miradi mingi husahau magadi. Mtu anajivunia githeri isiyo na chumvi huku ameilainisha kwa magadi, ambayo nayo yana sodiamu. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya. Kunde na mrenda vipikwe bila magadi, au kwa chembe tu.

Na vibanda je? Fundi wa mjengo anakula madondo (maharagwe) kibandani siku sita kwa wiki, kwa hiyo kumfundisha mkewe peke yake ni kutwanga maji kwenye kinu. Muuzaji akitia vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa kwa kila kilo ya maharagwe makavu, yenye kutoa sahani kama 10, kila sahani inapata gramu moja. Anayetaka zaidi aombe. Chumvi isikae mezani.

Nyama nayo ina hesabu. Mtu wa kilo 70 mwenye ugonjwa wa figo ambaye hajaanza kusafishwa damu huhitaji takriban gramu 56 za protini kwa siku. Robo kilo ya nyama mbichi ina kama gramu 50. Nyama choma ya nusu kilo kwa mtu mmoja, basi, ni chakula cha siku mbili.

Kosa la hatari zaidi ni kumgawia kila mtu ndizi, parachichi, viazi na managu bila kipimo. Kwa mwenye figo nzima vyakula hivi hushusha presha. Kwa ambaye figo zimedhoofika sana, potasiamu hubaki kwenye damu na inaweza kusimamisha moyo. Huyo asipewe kabisa ile "chumvi ya afya" yenye kloridi ya potasiamu. Viazi vyake vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi na maji yamwagwe. Supu ya viazi hivyo asinywe.

Kwa hiyo kipimo kitangulie chakula. Presha ipimwe mtu akiwa ameketi dakika 5, mkono umeegemezwa usawa wa moyo, mara mbili. Albumini (protini inayovuja figo zikiumia) kwenye mkojo ipimwe pamoja na kreatinini (taka ambayo figo huchuja) kwenye damu, kwa sababu kreatinini huweza kuonekana sawa hata figo zikiwa zimepoteza karibu nusu ya nguvu. Matokeo mabaya yarudiwe baada ya miezi mitatu kabla ya mtu kuambiwa ana ugonjwa sugu. Kambi ya matibabu ya siku moja haiwezi kazi hiyo, hata ikigawa fulana.

Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba mwaka 2023 wana mashine za presha na za sukari. Kaunti iwaongezee vijiti vya kupima mkojo pale ambapo havipo, na katika kila ziara waulize maswali mawili: pakiti ya chumvi ilifunguliwa lini, na nani humeza kila siku dawa za maumivu zinazoweza kudhuru figo, kama diklofenaki au brufeni, kwa ajili ya mgongo.

Wauguzi na wataalamu wa lishe,
Eastlands, Nairobi