Kwa Zuhura, kuhusu masikio ya Rehema

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Ya hali zetu tutayasema siku nyingine, maana leo nimepandwa na hasira. Ati Rehema anataka kuacha kusomea udaktari wa watoto kwa kuwa masikio yanafifia? Na Mama Mkubwa keshamtafutia kozi ya uhasibu! Rehema na hesabu, jamani.

Mwambie habari za Helen Taussig, yule daktari wa Marekani. Chuo kikuu cha Harvard wakati ule hakikuwapa wanawake shahada ya udaktari, akahitimu chuo cha Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1927. Akakabidhiwa kliniki ya moyo ya watoto, na katika miaka hiyohiyo masikio yakamtupa. Daktari wa moyo asiyesikia moyo! Basi akawa anaweka mkono kifuani mwa mtoto na kuusoma moyo kwa vidole. Maneno ya watu aliyasoma midomoni.

Ni huyohuyo, kwa mikono hiyo na eksirei, aliyegundua kuwa wale watoto wenye midomo na kucha za buluu hawapati damu ya kutosha mapafuni. Wengine walizidiwa pale mshipa mdogo wanaozaliwa nao ulipojifunga. Akawaza: si tuwatengenezee mwingine? Robert Gross, bingwa wa upasuaji kule Boston, hakutaka kumsikiliza, na masikio yake yalikuwa mazima! Alfred Blalock, bingwa wa upasuaji wa Johns Hopkins, akakubali. Vivien Thomas, fundi wa maabara, Mmarekani Mweusi asiye na shahada, akaijaribu njia hiyo kwa mbwa. Na tarehe 29 Novemba 1944, Blalock alipompasua mtoto wa kwanza, Eileen Saxon, Thomas alisimama nyuma yake akimwelekeza. Upasuaji ukaitwa Blalock-Taussig. Jina la Thomas likaachwa miaka mingi. Hilo linaniudhi hadi leo, ila tusitoke kwa Rehema. Eileen aliongezewa miezi tu, lakini wengi waliomfuata walikua wakawa watu wazima.

Sisemi itakuwa rahisi. Nasema asikimbilie uhasibu.

Hivi amepimwa na mtaalamu wa masikio, au amekata tamaa tu? Stethoskopu, vile vifaa vya kusikilizia moyo, za kukuza sauti anazijua? Taussig alitumia. Nani kamtia maneno hayo, yule mwalimu wake wa wodini? Na wewe mbona ulinyamaza? Halafu, nimpigie au nimwandikie, sasa hivi ipi inamfikia vizuri?

Wako,
Mwanaidi