Barua kwa mwanangu: kidole chako cha mguu

Mwanangu,

Marahaba, mama. Ujumbe wako nimeusoma na picha zote mbili nimeziona. Pole sana. Kushuka ngazi za mawe za Mabatini, hapo Mwanza, gizani ukiwa na kandambili ni hatari kwa kila mtu, na kidole cha mwisho ndicho huumia kwanza kwa sababu kiko pembeni peke yake.

Shangazi yako ameniambia unafikiria kupanda meli uje huku Nansio, Ukerewe, ukandwe. Usije kwa ajili hiyo, wala usimruhusu mtu yeyote hapo mtaani akikande au akivute. Mfupa ukivunjika, damu inavujia kwenye ufa na kuganda, na ndani ya bonge hilo ndimo mfupa mpya unapoanza kujijenga. Anayekanda anaibomoa kazi hiyo kila anapoigusa, na anaweza kuusogeza mfupa ambao ulikuwa umekaa sawa. Hakuna mkono wa mtu unaounganisha kidole. Kinaungana chenyewe kikiachwa kimenyooka na kimetulia. Kazi yako ni kukilinda tu, ila kwanza tuwe na uhakika kwamba ni kidole cha kuuguzia nyumbani.

Kaa penye mwanga, weka miguu yote miwili sambamba, linganisha. Kidole kilichovimba na kuvilia damu lakini kinatazama mbele kama mwenzake wa mguu wa pili kinaweza kubaki nyumbani. Kilichopinda, kilichojizungusha mpaka ukucha unatazama pembeni, au kilichopanda juu ya jirani yake kinahitaji kunyooshwa na tabibu, baada ya sindano ya ganzi na picha ya eksirei. Angalia pia ngozi. Jeraha lolote lililo juu ya mahali panapouma, hata dogo, huenda limefika kwenye mfupa, na hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo. Ukucha uliong'oka kwenye shina na kutoa damu nao uhesabu hivyo hivyo.

Halafu jaribu damu na hisia. Bonyeza ncha ya kidole mpaka iwe nyeupe, achia, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Gusa kwa pamba, uone kama unaisikia. Kidole cha baridi, cha kijivu au chenye ganzi hakisubiri asubuhi.

Kuna mahali watu wengi hawapaangalii. Papasa ukingo wa nje wa unyayo, kati ya kisigino na kidole cha mwisho, utagusa kinundu cha mfupa. Ukibonyeza hapo na maumivu yakawa makali, aliyeumia si kidole tu. Ni mfupa mrefu wa unyayo, na huo unabeba uzito wako kila unapokanyaga. Nenda ukapigwe picha. Vivyo hivyo maumivu yakiwa juu ya unyayo, au ukishindwa kabisa kupiga hatua 4.

Umeandika kwamba hakijavunjika kwa kuwa unaweza kukichezesha. Hilo si kipimo. Kano zinaweza kukisogeza kidole hata mfupa ukiwa na ufa. Dalili inayosaidia zaidi ni hii: shika ncha ya kidole, isukume taratibu, moja kwa moja kuelekea kisigino. Maumivu makali yakichoma katikati ya kidole, huenda ni mfupa. Jaribu mara moja tu, usirudie. Na kwa kidole cha mwisho kilichonyooka, kisicho na jeraha, jibu la picha halitabadilisha matunzo, ndiyo maana sikulazimishi kwenda kupanga foleni.

Kidole gumba ni habari nyingine. Ndicho kinachokusukuma mbele kila hatua, na mfupa wake ukiungana vibaya, hasa kwenye kiungo, mwendo unaharibika kwa miaka. Kingekuwa gumba ningekuambia uende leo hii kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, na kadi ya bima mkononi. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda. Kwa kidole usianzie huko.

Sasa matunzo. Kama una pete ya kidoleni, ivue sasa hivi kwa sabuni kabla uvimbe haujaizidi. Kwa siku 2 au 3 za kwanza adui ni uvimbe, maana ndio unaoleta yale maumivu ya kudunda usiku. Lala chali, weka mito miwili chini ya muundi ili mguu uwe juu kuliko moyo. Kukaa kwenye kiti na mguu juu ya stuli hakutoshi, damu bado inateremka. Nunua barafu ya mfuko dukani, ivunjevunje, ifunge kwenye kipande cha kanga, uweke dakika 15 hadi 20, urudie kila baada ya saa 2 au 3 ukiwa macho. Usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi wala usilale nayo. Barafu nayo inaunguza. Na kama siku moja utamuuguza mtu mwenye selimundu, na huku Kanda ya Ziwa wapo wengi, usimwekee barafu kabisa, kwa sababu baridi inaweza kumwamshia maumivu ya ugonjwa wake.

Maji ya moto yaache. Najua ndiyo dawa ya kwanza kila nyumba, lakini joto katika siku hizi linafungua mishipa na kuongeza damu inayovuja. Majani yaliyopondwa, mafuta ya taa na kinyesi cha mnyama hayana kazi yoyote hapo zaidi ya kuleta uchafu.

Dawa ya maumivu: parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Dawa nyingi za mafua ndani yake mna parasetamoli, soma karatasi kabla ya kuchanganya. Maumivu yakizidi, unaweza kuongeza ibuprofeni ya miligramu 200 hadi 400 baada ya kula, si zaidi ya mara 3 kwa siku, kwa siku chache. Usiinywe kama tumbo lina vidonda, kama figo zina shida, kama una ujauzito au pumu yako huchochewa na dawa hizo. Wala usiichanganye na diklofenaki, ni dawa za ukoo mmoja na zote zinachokoza tumbo.

Kufunga ndiko nataka ukusome taratibu. Kidole kizima cha jirani ndicho gango lako, usitafute kijiti. Kwa kuwa umeumia kidole cha mwisho, utakifunga na cha nne. Nunua plasta ya kitambaa, ile nyeupe ya roli, yenye upana wa sentimita 2.5, uichane katikati kwa urefu upate utepe mwembamba. Kata vipande 2 vya kama sentimita 12. Chukua gozi au pamba, kunja iwe nyembamba, ipite katikati ya vidole viwili mpaka kwenye shina. Usiiruke hatua hii. Ngozi mbili zikigusana ndani ya plasta, jasho linazilowesha, zinakuwa nyeupe na laini, kisha zinachanika na fangasi wanaingia. Mtu anaishia na kidonda kibaya kuliko ule mfupa.

Kidole kikiwa kimenyooka, zungusha kipande cha kwanza karibu na shina la vidole, cha pili mbele kidogo, vikiacha wazi viungo na kucha. Plasta isipite juu kabisa ya mahali panapouma zaidi. Usivute unapozungusha, ilaze tu, kwa sababu uvimbe utaongezeka usiku na plasta haitanuki. Ukimaliza, rudia kile kipimo cha sekunde 2, na ukirudie tena baada ya nusu saa. Vikianza kudunda, kufa ganzi au kubadilika rangi, fungua mara moja. Mpira wa kufungia pesa usiutumie hata kwa dakika moja.

Badilisha kila siku, au baada ya siku 2 ikiwa imebaki kavu. Lowesha plasta kwa maji ya sabuni, ibandue taratibu kuelekea kwenye ncha, osha, kausha katikati ya vidole kwa kitambaa, acha vipate hewa dakika 10, kisha funga upya na pamba mpya. Endelea hivyo wiki 2 hadi 4. Ikitokea kidole kinauma zaidi kikiwa kimefungwa kuliko kikiwa wazi, kiache wazi. Kiatu kizuri peke yake kinatosha kwa kidole kilichonyooka.

Na kiatu chenyewe nakiona ni muhimu kuliko plasta. Kandambili na yeboyebo zinajikunja pale pale vidole vinapojikunja, kwa hiyo kila hatua mfupa unapinda. Shika kiatu kwenye kisigino na kwenye ncha, jaribu kukikunja. Kikikataa, hicho ndicho. Katambuga yenye soli nene ya tairi inafaa sana, mradi ukanda wake usipite juu ya kidole kinachouma. Raba ya zamani yenye soli ngumu nayo inafaa ukiikata sehemu ya pembeni ya mbele ili kidole kisibanwe.

Njia yako ya kutoka chumbani ina mteremko, basi sikiliza. Ukipanda, mguu mzima utangulie. Ukishuka, mguu unaouma utangulie pamoja na fimbo, halafu mzima ufuate. Fimbo ishike mkono wa kushoto, kwa kuwa umeumia mguu wa kulia. Kushuka kutakusumbua kuliko kupanda, maana vidole vinasukumwa mbele ndani ya kiatu. Tua kwa kisigino, hatua fupi, mguu ukiugeuza kidogo pembeni. Acha kabisa mwendo wa kuchechemea kwa ukingo wa nje wa mguu. Baada ya siku chache unaleta maumivu ya kifundo na goti, halafu mtu anadhani kidole kimeenea. Kwenye bodaboda kaa ukitazama mbele, usining'inize mguu.

Ziwani usiingie kwa sasa. Plasta ikilowa haina kazi, na kichocho unajua kipo ufukweni kwetu na hakisubiri uwe na jeraha.

Utaona damu ikivilia na kuteremka, zambarau, kijani, njano, labda mpaka kwenye unyayo. Hiyo ni damu ile ile inayosharabiwa, usishtuke. Maumivu makali hupungua ndani ya wiki ya kwanza, watu wengi hutembea vizuri baada ya wiki 1 au 2, na mfupa huungana kwa wiki 4 hadi 6. Netiboli iache mpaka wiki 6 zipite na uweze kusimama kwa vidole bila maumivu. Kuvimba jioni baada ya kusimama sana kunaweza kuendelea kwa miezi, na si dalili kwamba hakikupona.

Ukucha ukiwa mweusi, usiutoboe kwa sindano ya moto kama wanavyokushauri hapo. Chini yake kunaweza kuwa na mfupa uliovunjika, na tundu hilo litawapa vijidudu njia ya kuufikia. Kama damu iliyofungwa chini ya ukucha inakunyima usingizi, tabibu ataitoa kwa vifaa safi. Ukianguka wenyewe baadaye, mpya huchukua mwaka 1 hadi mwaka na nusu kukua.

Nenda kwa tabibu, bila kuniuliza kwanza, ukiona maumivu yanazidi baada ya siku ya 3 badala ya kupungua, wekundu au joto linalopanda, usaha, harufu au homa. Kama ngozi ilichanika, waambie pia lini ulichomwa pepopunda mara ya mwisho. Kwa jeraha lenye udongo, ikiwa imepita miaka 5, sindano ya kuongeza huhitajika. Baada ya wiki 6 kama bado unachechemea, kapige picha.

Haya yote ni yako wewe, mtu mzima mwenye afya. Usimsomee mama mwenye nyumba wako, yule mwenye kisukari, ukamwambia afunge plasta nyumbani. Mwenye kisukari anaweza kupoteza hisia za miguu. Plasta inaweza kumkata damu au kumchuna bila yeye kujua. Kidole chake kikiumia, hata kama hakiumi, aende hospitali siku hiyo. Na mtoto akiumia ncha ya kidole na damu ikatoka kwenye shina la ukucha, naye apelekwe, kwani hapo ndipo mfupa wake unapokulia.

Kesho saa moja asubuhi, kabla hujafunga plasta, nipigie picha nyingine, miguu yote miwili pamoja, kutoka juu, na uniandikie kama rangi ilirudi ndani ya sekunde 2.

Baba yako,
Nansio