Bibi, zafarani ni gramu nne tu

Toledo, Hispania, katikati ya Novemba

Bibi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na wote hapo Wete. Mimi alhamdulillahi ni mzima, ila mgongo unaniuma na ncha za vidole vyangu zimeingia rangi ya njano isiyosikia sabuni. Nitakueleza imetoka wapi. Na wewe mdogo wangu unayemsomea Bibi, soma polepole wala usiruke mahali, nikirudi nitamuuliza.

Uliniagiza zafarani robo kilo, ya biriani ya harusi na ya kuandikia kombe, zile aya za kunywa. Ukamwambia Mama, “Si ndiko anakokaa? Huko itakuwa tele kama karafuu kwetu.” Bibi, usinune. Kipakiti utakacholetewa kina gramu nne. Nimekipata kwa jasho langu, na ukishasikia habari yake utakiweka kule kwenye kasha unakoweka dhahabu.

Unajua nafanya kazi jikoni hotelini, kuosha masufuria na kumenya viazi. Mwenzangu mmoja wa hapo jikoni kwao ni Consuegra, mji mdogo kusini ya hapa, mwendo wa kama saa moja kwa gari. Mamake ana kijishamba cha zafarani, hakifiki hata nusu ya kile kiwanja cha mpira cha skuli yetu. Mwisho wa Oktoba mwenzangu akaniomba nichukue likizo nikawasaidie kuchuma. Nikakubali upesi. Nilijiambia mimi ni mtoto wa Pemba, nimekwea mikarafuu tangu sijaota meno ya ukubwani, kijiua cha chini ya goti kitanishinda nini?

Kilinishinda. Kwanza baridi. Nchi ile ni tambarare kavu, ni mizabibu tu mpaka macho yachoke, na alfajiri umande unakuwa barafu. Na lazima uende alfajiri, kwa kuwa ua la zafarani linachumwa kabla halijafunguka. Jua likilipiga linalegea, na kulichambua kunakuwa taabu. Basi unainama, mguu huku na mguu huku wa mstari, unalikata ua kwa kucha mbili pale chini, unalitia kikapuni. Kikapu ni cha kusuka kwa majani makavu, mfano wa pakacha letu lakini kigumu. Mfuko wa plastiki hawautaki kabisa, maua yatapondeka na kutoa jasho. Mkarafuu unakuumiza shingo kwa kutazama juu. Hili linakuumiza kiuno. Saa ya kwanza nilijaza kikapu nusu, na yule bibi wa miaka themanini na kitu alikuwa keshajaza viwili ananiangalia kwa huruma.

Mmea wenyewe ni ajabu ya Mungu. Hauna mbegu. Hauzai ila kwa tunguu lake, mfano wa kitunguu maji kidogo, linalozaa vijitunguu pembeni chini ya ardhi. Kila tunguu la zafarani duniani limepitia mkononi mwa mtu. Wanapanda kiangazi, linakaa ardhini kama miaka minne, kisha wanalifukua na kulihamisha. Mwaka mzima shamba kama halina kitu. Halafu, mwisho wa Oktoba, maua ya zambarau yanachomoza ardhini, wiki mbili tatu tu, basi. Katikati ya siku hizo kuna siku moja au mbili yanapochanua kwa pamoja hata udongo hauonekani. Wenyewe wanaiita siku ya joho, maana shamba limejifunika. Siku hiyo hakuna harusi wala maziko yatakayomtoa mtu shambani.

Sasa shika hesabu. Kila ua lina nyuzi tatu nyekundu, na hizo ndizo zafarani. Petali zote za zambarau ni za kutupwa. Nyuzi zikikaushwa, kilo tano zinarudi kilo moja. Gramu moja iliyokauka inataka kama maua 200. Robo kilo uliyoniagiza ni maua 50,000, Bibi, na kila moja limeinamiwa. Wallahi nikikuletea robo kilo, nijue nimeiba.

Lakini nilichotaka hasa kukusimulia ni usiku. Maua yaliyochumwa asubuhi lazima yachambuliwe siku ileile, yakilala yameharibika. Basi wanayamwaga juu ya meza ndefu, kilima cha zambarau, na jirani, mashangazi, mabinamu waliotoka Madrid, wote wanazunguka meza na kila mmoja ana kisahani chake. Unashika ua kwa mkono wa kushoto, unalipasua kwa kucha, unazivuta zile nyuzi tatu zikiwa bado zimeshikana, unazitia kisahanini, ua unalidondosha chini. Usiku wa manane miguu imezama kwenye maua hadi magotini. Na mdomo haufungwi! Nani kaachwa, nani kauza shamba la babake, padri mpya ana kiburi. Nilifumba macho nikawasikiliza, na Kihispania changu kibovu kikanipotea. Nikawa niko barazani kwako, jamvi limetandikwa, taa ya chemli katikati, karafuu zimemwagwa na sisi tunazichambua na makonyo yake, na Shangazi anasengenya watu wa Chake.

Nikawaeleza. Nikawaambia kwetu tunafanya hivihivi, ila ni kikonyo tunachotupa na ua tunaloweka. Hawakuelewa ni ua gani. Yule bibi akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kichupa. Karafuu! Ananiambia yeye huchomeka moja au mbili kwenye kitunguu kizima anapochemsha supu ya dengu, mamake alifanya hivyo na bibi yake pia, wala hakuwahi kufikiri kuwa ni ua na kwamba kuna watu wanalipandia mti. Akaivunja moja kwa jino, akanitazama. Tangu hapo hakuniita tena Mwafrika. Ananiita “mjukuu wangu wa karafuu”.

Na maneno, Bibi! Wao wanasema *azafrán*, sisi zafarani. Zeituni kwao ni *aceituna*, sukari ni *azúcar*, limau ni *limón*. Waislamu waliitawala Toledo hii zaidi ya miaka mia tatu, hadi 1085, na kilimo hiki ni wao walioleta. Hata wanapotamani jambo wanasema *ojalá*, nalo asili yake ni “Mungu akipenda” ya Kiarabu. Nikiwasikia wazee wa kanisani wanalitaja kila saa hucheka peke yangu.

Kukausha ni kazi ya bibi mwenyewe, hamwachii mtu, hata mwanawe. Anatandaza nyuzi mbichi kwenye chekecheke la kitambaa chepesi, analiweka juu ya makaa yaliyopoa kidogo, chombo chao mfano wa seredani, naye anasimama pale hatikisiki. Zikizidi dakika zimeungua, na kazi ya watu kumi ya siku nzima imekuwa majivu. Harufu yake siwezi kuieleza. Ni kama asali na majani makavu, na mle ndani kuna kitu kilichonikumbusha chetezo cha Ijumaa.

Zafarani ilikuwa benki yao. Bibi huyu anaweka yake kwenye kopo la bati katikati ya mashuka, na aliniambia harusi ya bintiye mkubwa ilitoka kwenye kopo hilo, mashuka na matandiko yote ya kitanda. Yeye hupika nayo kwa nadra. Nilishangaa kidogo, kisha nikakumbuka kwetu sisi nani anakula karafuu? Siku hizi mashamba yamebaki machache mno ukilinganisha na ya babu zao, vijana wako Madrid, na zafarani nyingi ya dunia inatoka Iran. Wao wameshika jina. Zafarani yao ya La Mancha, ndilo jina la nchi yao hii, ina muhuri wa Umoja wa Ulaya, mwingine haruhusiwi kulitumia jina hilo.

Kuna sikukuu pia, tangu 1963, siku za wikiendi mwisho wa Oktoba. Mlimani juu ya mji kuna ngome ya kale na vinu 12 vya upepo vyeupe, na kimoja, kinachoitwa Sancho, wanakivisha matanga kama jahazi na kusaga ngano watu wakitazama. Uwanjani kuna mashindano ya kuchambua maua. Wanawake wamevaa mavazi ya kale, vidole havionekani kwa kasi, na waamuzi wanatazama na usafi pia. Ngoma zipo, jibini ya maziwa ya kondoo ipo, watalii wapo na simu zao. Nilifurahi, sikatai. Ila sikukuu ina tarehe yake na ua lina lake. Mwaka huu siku ya joho iliangukia Jumanne, baada ya wageni wote kuondoka, na tulikuwa watu saba shambani.

Chakula usiwe na wasiwasi, nguruwe sijamgusa, ingawa huku yuko mpaka kwenye maharage. Mchana shambani wanapika *migas*. Ni mkate mkavu wa juzi, umevunjwavunjwa na kunyunyiziwa maji usiku kucha, halafu unakaangwa na vitunguu saumu kwenye mafuta ya zeituni, unageuzwa na kugeuzwa mpaka mkono ufe ganzi. Wao wanatia soseji; changu bibi alikitenga na kikaango chake, akanitilia pilipili hoho na kunipa zabibu mbichi za kula pamoja. Tamu, Bibi! Na kikaango kikubwa kinawekwa chini, watu wote wanakizunguka wamesimama: unachota kijiko kimoja, unarudi nyuma hatua moja, mwenzio asogee. Mwenye pupa anaonekana mara moja. Tungemfundisha Ami desturi hii kwenye sinia la pilau.

Wamenialika tena siku za kuchinja nguruwe. Nimesema nina kazi.

Sasa maelekezo. Kipakiti atakuja nacho binamu yetu wa London mwezi wa Desemba. Usizisage. Chukua nyuzi kama ishirini, loweka kwenye maji ya uvuguvugu au maziwa nusu saa, ndipo umwagie kwenye wali. Rangi inatoka polepole, njano, na uzi wenyewe unabaki mwekundu. Ile ya sokoni inayogeuza maji mekundu papo hapo na uzi ukawa mweupe, mrudishie muuzaji. Ya kombe itenge mapema, maana nawajua wapishi wa harusi.

Na binamu akirudi, mpe karafuu za kwetu, kisado kimoja, za msimu huu, zilizoanikwa vizuri kwenye jamvi. Bibi wa Consuegra anazisubiri. Kichupa chake nilikinusa, ni za zamani, hazina hata mafuta.

Wasalimie wote, na umwambie Mama fedha nimetuma Alhamisi.

Mjukuu wako